Mzigo wangu wa mahindi uliokataliwa, na nilivyouvusha Namanga

Nilipoanza kupeleka mahindi Kenya nikitokea Kibaigwa, mkoani Dodoma, niliamini kwamba mahindi makavu na meupe hayahitaji kutetewa. Imani hiyo iliyumba Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo la kila mzigo kuwa na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Mzigo wangu wa kwanza baada ya hapo ulikuwa magunia 300, niliyoyanunua kwa wakulima wengi na kuyachanganya ghalani. Mkaguzi alichoma bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchotea punje ndani ya gunia, unyevu ukasoma asilimia 12.8, chini ya kikomo cha 13.5 cha kiwango cha Afrika Mashariki, nami nikamwambia dereva ajiandae. Majibu ya maabara yalirudi na sumukuvu ya mikrogramu 17 kwa kilo. Nilibisha, kwa kuwa sampuli niliyoipeleka mwenyewe wiki moja kabla ilikuwa na 4. Mkaguzi aliniuliza swali moja tu: "Ile yako uliichota wapi, bwana?" Niliichota kwenye magunia matano yaliyokuwa karibu na mlango.

Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya shehena. Punje chache zilizoota kuvu zaweza kuchafua gunia zima huku magunia ya jirani yakiwa salama. Kuanika upya, jambo nililotaka kulikimbilia, hukausha nafaka lakini hakuiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Ilinibidi niajiri watu wapepete, wachekeche na kuchambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Kazi ilichukua siku sita, na magunia 21 ya punje hizo yaliteketezwa, kwa maana hata ng'ombe wa maziwa hafai kulishwa. Kipimo cha pili kilikuwa 7, nikapata cheti na kuuvusha mzigo kwenye mpaka wa Namanga.

Tangu hapo sichanganyi kabla ya kupima. Magunia ya kila mkulima hupangwa peke yake, bambo huchomwa juu, katikati na chini, na kinachotoka humwagwa kwenye turubai safi, huchanganywa na kugawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana hubaki, na zoezi hurudiwa mpaka zibaki kilo chache. Hizo husagwa zote kabla ya kuchota kijiko cha kupima. Nilikuwa nikiruka hatua hiyo ya kusaga, na nadhani ndiyo iliyonidanganya kuliko zote.

Msimu uliofuata nilikataa mahindi ya mzee mmoja ambaye tumefanya biashara kwa miaka mingi. Nilimweleza juu ya watu waliofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumu hiyohiyo. Akanisikiliza, akapakia magunia yake, akayauza jioni ileile ghala la pili kutoka langu.