Maji ya tambi

Jana nimempeleka mama kula kwenye mgahawa wa Kitaliano kule Raskazone, hapa Tanga, ule ambao Jumamosi usipopiga simu mapema meza hupati. Nimedunduliza toka mwezi wa 4. Mama ameuza chakula karibu na soko la samaki pale Deep Sea zaidi ya miaka 20, wali, chapati, samaki wa kukaanga, wote wanakula wanashiba ndo yeye anakwangua ukoko amesimama, na mi nilitaka tu siku moja akae aletewe.

Kufika, kijana weita akamwamkia shikamoo mama, akamvutia kiti. Mama akageuka nyuma kuangalia anavutiwa nani.

Menyu nilisoma mimi. Nikauliza kabisa vyenye nguruwe ni vipi, maana tambi zao za kabonara za asili zinatiwa nyama ya shavu la nguruwe, na tiramisu, ile keki yao ya kahawa, wengi wanaiwekea pombe, weita akaenda jikoni akarudi na jibu la kueleweka. Hilo nimelipenda sana, kuna sehemu ukiuliza hivyo unaangaliwa kama msumbufu. Tukaagiza spageti za kamba na pweza.

Mama akatafuna, akaninong'oneza, "mwanangu hizi hazijaiva." Nikamwelezea kwamba Wataliano wanaziepua zikiwa na kiini kigumu kidogo, wanaita al dente, yaani jino lizisikie. Sisi zetu tunazikaanga, tunatia tui, iliki na sukari mpaka zinalegea, kwahiyo nilijua hatozipenda. Lakini akaendelea, halafu nikamwona anaburuza mchuzi kwa ncha ya uma pembeni ya sahani, mchuzi umeshika haukimbii, akauonja peke yake. "Humu hamna tui, hamna unga. Wameushikisha na nini?"

Shefu alipopita, mtu wa hapahapa Tanga, mama akamuuliza mwenyewe. Akamwambia mama, ni maji tuliyochemshia tambi, hatuyamwagi yote, unachota upawa mmoja unatia kwenye kikaango na mafuta ya zeituni unatikisa kwa nguvu, ule wanga ndo unashikanisha maji na mafuta. Basi wakaongea pale, moto kiasi gani, chumvi kiasi gani, mama akamwambia yeye pweza hamtii maji kabisa, anaiva kwa maji yake mwenyewe, shefu akasema hata Napoli wanapika hivyohivyo. Yaani mafundi wawili wamekutana! Sijawahi kumsikia mama akiulizwa na mtu kuhusu kazi yake namna ile.

Bili nimelipa bila kinyongo. Tunainuka, mama keshaanza kupanga sahani, ndogo juu ya kubwa, uma juu, nikamshika mkono nikamwambia ziache mama, akaziacha ila aliziangalia mpaka tunatoka mlangoni.

Leo mchana nimeingia jikoni nimekuta bakuli limefunikwa na kawa, ndani maji meupe mazito. Nikalichukua nilimwage.

"We, hayo acha!"