Michezo kwenye pati za mauzo: niliyobaki nayo na niliyoiacha

Waulize mawakala wanaouza bidhaa majumbani kama pati inahitaji michezo, utakutana na kambi mbili zisizosikilizana. Wa kwanza watakuambia pati bila mchezo ni kikao cha kamati. Wa pili watakuuliza ni mtu mzima gani atakayetoka kazini amechoka halafu aende kunyang'anyana vibanio vya nguo sebuleni kwa mwenzake. Nimepita kambi zote mbili na nimetoka na jibu lisilowafurahisha wa upande wowote: mchezo unaomtia mgeni bidhaa mkononi, au unaomfungua mdomo, nauchezesha. Mwingine wowote nauacha, hata kama unavunja mbavu.

Nauza bidhaa za ngozi: losheni, sabuni za maji, chumvi za kusugulia mikono na miguu. Utaratibu ni uleule unaojulikana. Mwenyeji anaalika watu wake, mimi nafika na mkoba wa sampuli na katalogi, wageni wanajaza fomu za oda, mwenyeji anapata zawadi kulingana na mauzo ya siku hiyo na mimi napata kamisheni. Kwa muda usiozidi saa moja na nusu natakiwa niuze, nipate mwenyeji wa pati ijayo, na bahati ikiwepo nimwone mtu mwenye hamu ya kuwa wakala. Kati ya hayo matatu, mwenyeji ajaye ndiye ninayemtafuta kwa udi na uvumba. Pati isiyozaa pati nyingine inakuachia oda za leo na kalenda tupu.

Wanaodhani michezo hii ilibuniwa na viongozi wa timu za mawakala wa siku hizi wajue ni ya zamani. Huko Marekani, mawakala wa Stanley Home Products, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1931, ndio walioonyesha kwamba brashi na vifaa vya kudekia huuzika vizuri zaidi mbele ya kundi la watu sebuleni kuliko kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Mmoja wa waliopitia huko ni Brownie Wise, ambaye baadaye alianza kuuza vyombo vya plastiki vya Tupperware kwenye pati. Madukani vyombo vile vilikuwa havitoki, kwa sababu wanunuzi hawakuelewa namna ya kukibana kile kifuniko. Kwenye pati za Wise vilitoka. Mwaka 1951 Earl Tupper, mwenye kampuni ya Tupperware, akamkabidhi usimamizi wa mauzo ya nyumbani na kuviondoa vyombo vyake madukani, na mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la jarida la Business Week. Walikosana, akaondolewa mwaka 1958.

Ninachokipenda zaidi kwa mama yule ni kile kituko chake maarufu. Alijaza bakuli kimiminika, akalifunga, kisha akalirusha hewani kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili. Halikumwagika. Watu walicheka na kushika vifua, na papo hapo wakawa wameona kwa macho yao kwamba kifuniko hakivuji. Kwangu huo ndio mchezo wa pati uliokamilika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa bidhaa inafanya nini baada ya hapo. Michezo mingine iliyokuwa ikichezwa enzi hizo, ya kupima viuno na ya kupokezana umbea, haikuwa na uhusiano wowote na bakuli.

Basi nilipojiunga nilipewa faili nene la michezo, na karibu yote ilikuwa ya jamii ya viuno na umbea.

Kuna jambo jingine lililonifanya niipunguze. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu chake kuhusu ushawishi mwaka 1984, alizichambua pati za Tupperware na kuonyesha kwamba michezo ile haikuwa burudani tupu. Anayeshinda anapewa zawadi, na asiyeshinda naye anaruhusiwa kutia mkono kwenye mfuko achukue chake, ili kabla fomu za oda hazijatoka kila mgeni awe ameshapokea kitu. Mtu aliyepokea hujisikia anadaiwa. Ukimwekea katalogi mbele wakati huo, atatafuta kitu cha bei ya chini kuliko vyote akinunue ili moyo utulie.

Wapo mawakala wanaosikia habari hiyo na kufurahi kwamba wamepata siri. Mimi oda za namna hiyo sizitaki, na si kwa sababu nina utu kuliko wenzangu. Losheni huisha. Biashara yangu inaishi kwa mtu anayenipigia baadaye akitaka chupa nyingine, au anayesema pati ijayo iwe kwake. Aliyenunua kwa aibu hapigi simu, na akialikwa tena kwenye pati atakuwa na udhuru. Kwa hiyo niliacha kumwaga vizawadi kwa kila mtu. Zawadi kwangu ni moja, ya maana, na inatolewa mwishoni, watu wakiwa wameshaamua kununua au kutonunua.

Sasa michezo yenyewe.

Wa kibanio ndio wa kwanza kuuacha. Kila mgeni anabandikwa kibanio anapoingia, kunatangazwa neno lililokatazwa, na ukimnasa mwenzako akilitamka unamnyang'anya kibanio chake. Unachangamsha kweli. Tatizo ni kwamba unawafundisha watu kuchunga midomo, wakati riziki yangu yote inategemea wao kuongea. Neno likiwa "mimi", nani ataniambia "mimi ngozi yangu hukauka magotini"? Na sentensi hiyo ndiyo niliyoifuata pale.

Wa mikoba sikuwahi kuukubali hata siku moja. Wakala anataja vitu, na mwenye kitu hicho ndani ya mkoba wake anapata alama: kioo, kalamu, risiti ya zamani kuliko zote. Ndani ya mkoba wa mtu mna dawa zake, barua zake, madeni yake. Utamwona mgeni anachungulia ndani kwa siri, anafunga zipu, anasema hana kitu. Alama amekosa na hamu ya kukaa imemwisha.

Wa kupitisha kifurushi kushoto na kulia, huku wakala akisoma hadithi iliyojaa maneno hayo mawili, nimeubakiza kwa ajili ya makundi ya watu wasiojuana. Unachukua dakika chache, hakuna anayetolewa mbele ya wenzake, na kuchanganyikiwa kunawapata wote kwa pamoja. Ila hadithi iliyokuwa kwenye faili niliitupa nikaandika yangu: namna nilivyoanza kuuza, jamaa yangu wa kwanza kuniambia sitaweza, ninavyopanga pati na malezi. Wageni wanacheka huku wamesikia kazi hii ikoje, bila mimi kusimama na kuwahubiria. Mtu mwenye hamu ya kujiunga hunifuata mwenyewe tukikusanya vitu.

Mnada wa pesa za bandia ulinichukua muda kuuamua, kwa sababu una wafuasi wengi na wana hoja. Mgeni anapata noti za kuchezea akifika mapema, akiuliza swali, akija na rafiki, akipanga tarehe ya pati yake. Mwishoni vinanadiwa vitu kwa noti hizo. Maswali yanamiminika kweli. Lakini mnada wenyewe unaangukia saa ileile ambayo watu wanatakiwa wakae na kalamu na katalogi, na wasio na noti wanabaki watazamaji. Nikachukua kilicho kizuri nikaacha mnada: anayeuliza swali anapata tiketi, tiketi zinaingia kwenye bakuli, mwishoni inachomolewa moja.

Hata hizo tiketi nimeziwekea mipaka. Sitoi tiketi kwa kupanga tarehe, maana mtu akipanga kwa sababu ya tiketi atafuta kabla wiki haijaisha, na tarehe iliyofutwa ni mbaya kuliko ambayo haikuwahi kuwepo. Nilikwishamnyima mwingine nafasi hiyo. Wala sitoi tiketi kwa kununua. Hapo sheria inaingia. Marekani, kwa mfano, zawadi inayotolewa kwa bahati kwa watu waliolazimika kulipa ndipo waingie huhesabiwa kuwa bahati nasibu, na mtu binafsi haruhusiwi kuiendesha. Nchi nyingine nazo zina masharti yake, na kampuni yako huenda ina ya kwake, kwa hiyo soma mkataba kabla hujachapisha tiketi. Swali ni bure, na tiketi ya swali haimletei mtu matatizo.

Mchezo wangu mkuu, ninaoucheza kila pati, wengine hata hawauiti mchezo. Kila mgeni anasugua mkono mmoja tu kwa ile chumvi, anausuuza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anajifuta, anapaka losheni. Mkono wa pili unaachwa ulivyo. Halafu jirani yake anafumba macho na kuishika mikono yote miwili, anabahatisha upi ni upi. Kabla ya kusugua huwa nauliza kama kuna mwenye mzio au ngozi yenye mchubuko, na mwenye wasiwasi namwekea tone dogo kwenye kiwiko asubiri kwanza. Chumba kizima kinakuwa kinaongea. Mtu anasema "huu wa kushoto ni wa mtoto mchanga, huu mwingine ni wako," wanacheka, na yule aliyechekwa anauliza chumvi ile inakaa muda gani. Swali hilo linapata tiketi, na jibu lake ndilo linalouza.

Kuna wa pili, huu niliutengeneza mwenyewe baada ya kufikiria wageni wanakuja kwa nani. Hawaji kwangu. Watafiti Jonathan Frenzen na Harry Davis, katika utafiti wao wa mwaka 1990 kuhusu pati za mauzo ya nyumbani, waliona kwamba uhusiano wa mgeni na mwenyeji una uzito mara mbili ya kuipenda bidhaa yenyewe katika kuamua kama atanunua. Nilipolifikiria hilo niliona faili langu lote la michezo lilimfanya wakala kuwa mshereheshaji na mwenyeji kuwa mtu wa kupanga viti. Kwa hiyo siku chache kabla ya pati namwomba mwenyeji azungushie duara kwenye katalogi vitu vitatu anavyovitamani. Siku yenyewe wageni, wawili wawili, wanapekua katalogi wakibahatisha ni vipi. "Huyu? Huyu hawezi kuchagua manukato, tangu shule hapendi." Katalogi imefunguliwa kurasa zote, mwenyeji ndiye anayezungumzwa, na wageni wanaona kwa macho yao kwamba vitu vile atavipata kwa kuwa mwenyeji tu. Nawapanga wawili wawili kwa makusudi, ili asiyeona vizuri maandishi madogo asiumbuke.

Yote hayo hayazidi dakika kumi na tano, na kalamu zikishashikwa sisemi kitu. Nimeona mawakala wakianzisha mchezo wa pili wakati watu wanajumlisha oda zao. Mgeni anaweka fomu chini, anacheka, na akiirudia anafuta kitu kimoja.

Kumuuliza mwenyeji kama anataka michezo hakusaidii sana, kwa sababu kwa adabu atakujibu "vyovyote utakavyoona, dada." Huwa namuuliza pati ya mwisho aliyokwenda ilimchosha wapi. Hapo anafunguka. Mmoja alinijibu, "Dada, kama kutakuwa na kusimama mmoja mmoja kujieleza, niambie mapema nisimwalike bosi wangu." Tukaiondoa sehemu ya kujitambulisha, bosi akaja. Namuuliza pia kama wageni wanajuana, kama yupo mzee asiyeweza kuinuka mara kwa mara, kama wanatoka kazini moja kwa moja. Wakiwa marafiki wa siku nyingi mchezo wa kuchangamsha hauna kazi. Wameshachangamka kabla sijafungua mkoba.

Watu huniuliza pia kuhusu pati za kwenye simu. Kwenye kundi la WhatsApp michezo imenishinda: wanaocheza ni walewale, waliobaki wanazima sauti ya kundi, na tangazo la oda linapita bila kuonwa. Huko naweka picha mbili na swali moja, basi.

Haya ni yangu, na kiongozi wangu wa timu hayakubali. Yeye huchezesha michezo mitatu minne mfululizo, anaimba, anaigiza, na mauzo yake yananizidi. Lakini nimekaa kwenye pati zake nikamtazama: watu wanamwalika yeye kwa sababu ni yeye. Mawakala wapya wanaomwiga hadi mizaha wanatoka na oda mbili. Kama unayo karama hiyo, cheza. Kama huna, mkono mmoja uliosuguliwa na mwingine ambao haujasuguliwa utakufanyia kazi.

Karibu kila pati hutokea mgeni anayekunja mikono na kusema hachezi. Simbembelezi, na simwachi akae kama aliyeadhibiwa. Nampa bakuli la tiketi na kumwambia, "Mama, wewe utakuwa mwamuzi, swali la hovyo usilipe tiketi." Wengi wanaichukua kazi hiyo kwa ukali usio wa kawaida. Na akishakaa na bakuli mapajani, mara nyingi yeye ndiye anayegeuza chupa, anasoma orodha ya viambato mstari kwa mstari na kuniuliza lile swali gumu ambalo wengine walikuwa wanaliogopa.