Mpagazi wa Tendaguru aliyejua mambo ya leo

Nilipoombwa kusoma miswada ya hadithi za kihistoria za vijana, niliambiwa nijibu swali moja tu: wahusika wanaaminika? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Lindi, si mwanahistoria. Tarehe na majina ya watawala wapo wa kuyakagua, na tarehe iliyokosewa hurekebishwa kwa kalamu mara moja. Mhusika asiyeaminika harekebishiki hivyo. Ubovu wake umeenea kitabu kizima.

Mswada ulionipa namna ya kuifanya kazi hii ulihusu Tendaguru, kile kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wetu, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Kwa kweli wachimbaji walikuwa watu wa huku, mamia yao, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mhusika mkuu ni mpagazi wa miaka 14, mwaka 1910. Jasiri, mchangamfu, msemaji. Hata safari haijaanza vizuri anatua mzigo na kuwahutubia wenzake: mifupa hii ni urithi wa taifa letu, vizazi vijavyo vitatulaumu.

Taifa lipi, mwaka 1910?

Hotuba ile ingemkera msomaji yeyote, kwa hiyo kuikataa hakukuhitaji kipaji. Nilitaka kujua kama kijana mwenyewe anasimama hata hotuba ikiondolewa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ya umri wake. Kama ana miaka 14 mwaka 1910, Vita vya Majimaji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905 na kuenea hadi kwa Wamwera, yeye alikuwa na miaka 9. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Yapo makadirio ya vifo yanayofika 300,000. Kijana wetu alipita humo akatoka hai. Basi nikarudi kwenye mswada kutafuta kila mahali anapokula. Nikamkuta kambini anasukuma ugali pembeni kwa sababu umepoa.

Hapo ndipo nilipoacha kumwamini. Mtoto aliyechimba mizizi porini ili aishi hasusi ugali uliopoa. Huenda hata angeficha tonge kwenye shuka, miaka mitano baada ya vita, bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Mwandishi angeandika jambo hilo dogo tu, asingehitaji kueleza Majimaji kwa kurasa nzima kama kitabu cha darasa la saba.

Tangu siku hiyo hesabu ya umri ndiyo ninayoanza nayo kwa kila mhusika. Mwaka wa hadithi unanionyesha mandhari. Mwaka wa kuzaliwa unanionyesha anachoogopa.

Baada ya hapo nikaangalia anataka nini. Kwenye mswada alitaka haki, neno lililo pana mno kwa mtoto mwenye mzigo kichwani. Mwaka 1910 kodi ililipwa kwa rupia, na aliyeshindwa kulipa aliweza kupelekwa kufanya kazi ya lazima. Hilo lilitosha kumpeleka kijana Tendaguru. Mwongezee na lake la utoto: shuka jipya la merikani, au apewe nyundo na Boheti badala ya kubeba tu. Mtoto huyo namjua. Ninao wa aina yake kila asubuhi darasani, ila wao wanataka simu.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Dar es Salaam asingeligundua. Kijana ni Mmwera, lakini ruhusa ya kuondoka nyumbani anaomba kwa baba tu. Mjomba hayumo kitabuni kabisa! Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na wakati ule kauli ya mjomba ilikuwa nzito mno kuachwa nje. Nilipowasomea wanafunzi sura hiyo, msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza kabla yangu: "Mwalimu, huyu mjomba wake kafa?" Mwenzake akadakia: "Na hachoki? Kabeba jiwe kutwa nzima, jioni anatoa mawaidha!"

Sasa nawasomea sura moja ya kila mswada bila kuwaambia natafuta nini. Wakianza kuchezea kalamu, naandika namba ya ukurasa.

Mwandishi ni mtu mzima kuliko mimi, na kumwambia mzee kwamba shujaa wake haaminiki kunataka adabu. Nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikaanza na mjomba, kwa kuwa hilo halina ubishi. Akacheka, akakubali. Kwenye hotuba akagoma.

"Mwalimu, mtoto wa leo akikuta babu yake anabeba mifupa kimya, si atasema tulikuwa wajinga?"

"Mzee wangu, mfikishe bandarini. Ayaone makasha yanapakiwa melini, ajiulize hawa watu wanaifanyia nini mifupa mpaka wailipie. Msomaji anajua kwamba yule mjusi amesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake kinapita mita 13. Hasira atakuwa nayo mwenyewe, usimtangulie."

Akanyamaza kidogo, akasema atafikiri. Toleo lililorudi lina mjomba, lina ugali unaoliwa mpaka chungu kinakwanguliwa, na Boheti amepunguziwa busara akaongezewa kazi. Hotuba ipo bado, fupi, imehamishiwa kwa mjukuu baada ya Uhuru. Mimi ningeikata. Kitabu ni chake.

Mswada wa msichana anayekataa unyago mwaka 1905 haukunichukua muda. Sikubishana na kukataa kwake, maana wasichana wakaidi wamekuwepo siku zote. Nilibishana na njia. Anasimama mbele ya wazee na kudai haki zake kama yuko kwenye semina, wakati angeweza kujifanya mgonjwa, kukimbilia kwa bibi mzaa mama, au kugombanisha mashangazi. Nilimwandikia mwandishi hayo, naye bado hajajibu.

Mezani sasa nina mswada wa mradi wa karanga wa Nachingwea. Mhusika ana miaka 12 mwaka 1947, maana yake alizaliwa 1935. Wakati wa Vita ya Pili alikuwa mdogo, lakini kwenye ukoo wake huenda yupo mtu aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akarudi, aliyekwisha kuona Wazungu wakishindwa na wakiogopa. Nimefika sura ya nne na mtu huyo bado sijamwona.