Nilivyojifunza kutembea huku nikipuliza trombone

Bendi ya shule ya Marekani ikiingia uwanjani, macho ya watu hukimbilia sare, bendera na shaba inayong'aa. Mimi siku hizi naangalia miguu. Mguu ndio unaoamua kama noti itatoka imenyooka au itayumba, na nasema hivyo kwa sababu nimelazimika kujifunza upya kupiga hatua, kuanzia kisigino hadi kidole gumba.

Nilifika Indianapolis, Marekani, nikiwa tayari najua kupuliza. Kwetu Moshi ukikulia karibu na kanisa la Kilutheri hukosi kuisikia trombone, ile tarumbeta ndefu yenye bomba la kuvuta. Bendi za tarumbeta za KKKT ni urithi uliotokana na wamisionari wa Kijerumani, na kijana mwenye hamu hupata wa kumfundisha. Hata kupuliza huku natembea nilikuwa nimezoea, kwenye maandamano ya Pasaka na kwenye misiba. Mwendo wetu ulikuwa wa gwaride. Mjomba wangu alipitia bendi ya polisi, na Moshi ndiko iliko Shule ya Polisi, kwa hiyo tulijua mguu unavyotakiwa kushuka: kisigino kinapigwa, ardhi inajibu.

Bendi ya shule niliyojiunga nayo huku ilitaka mguu ambao hausikiki kabisa.

Jambo la kwanza nililoshika ni hesabu. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na kila baada ya yadi 5 kuna mstari mweupe unaokata uwanja. Hatua ya kawaida ya bendi ni hatua 8 kati ya mstari na mstari. Yadi 5 ni inchi 180, kwa hiyo kila hatua ni inchi 22 na nusu, karibu sentimita 57. Hatua ya gwaride tulilorithi kwa Waingereza ni inchi 30, yaani hatua 6 kwa yadi hizo hizo 5. Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye karatasi, nikaelewa kwa nini mwili wangu ulikuwa unanitoa nje ya safu kila tulipoanza kwenda. Na kutoka nje ya safu si jambo dogo. Kila mchezaji ana nafasi yake iliyoandikwa: hatua ngapi kutoka mstari fulani wa yadi, hatua ngapi kutoka ukingo wa mbele. Watazamaji wamekaa juu, wanaona duara na mikunjo. Mmoja akizidisha inchi kadhaa, duara linapata kona.

Mama anashona, kwa hiyo futi ya kupimia nguo ipo nyumbani siku zote. Niliitandaza kwenye korido, nikabandika vipande vya utepe wa karatasi sakafuni kila inchi 22 na nusu, nikawa napita hapo asubuhi na jioni. Kwanza nikiangalia chini, kisha macho mbele, nikisimama ghafla kuona kama nimetua kwenye alama. Baada ya muda paja lenyewe linaujua umbali, na ukiwa uwanjani huhitaji kuinamisha kichwa.

Sasa unyayo wenyewe, maana kazi kubwa iko hapo. Kwenye pigo la muziki, kinachogusa nyasi ni ukingo wa nyuma wa kisigino, vidole vikiwa vimeinuliwa kuelekea muundi kadiri kifundo kinavyoruhusu. Halafu unyayo unalazwa taratibu, kutoka nyuma kwenda mbele, bila kudondoka. Katikati ya pigo na pigo, pale unaposema "na" kichwani ukihesabu "moja na mbili na", kifundo cha mguu unaokuja kinapaswa kuwa kinapita kando ya kifundo cha mguu uliosimama. Kikichelewa, utarusha mguu kuwahi pigo, na kisigino kitapiga. Kikiwahi, mguu utabaki hewani ukingoja, na mwili utayumba. Nyayo zielekee mbele zote mbili. Kidole kikifunguka kwenda nje, nyonga inafuata, mabega yanafuata, na bomba la trombone linaanza kuelekea kwa jirani.

Watu wengi huhesabu pigo tu. Kiongozi wa safu yetu, msichana wa mwaka wa mwisho aliyekuwa na subira sana, ndiye aliyenielekeza kwenye ile "na". Aliniwekea metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, akaniambia nisimame kila ninapofika kati ya hatua mbili, mguu mmoja hewani, kifundo kando ya kifundo. Ukiweza kusimama hapo bila kutikisika, uzito wako uko mahali pake. Mwanzoni misuli ya nyonga ilikuwa inawaka moto. Lakini hakuna zoezi lililonisaidia kuliko hilo, na mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo, tena polepole kuliko anavyodhani inatosha.

Tunakaa ghorofani na sakafu ni ya mbao, kwa hiyo nyumba nayo ilinifundisha. Kisigino kikidondoka unakisikia hadi jikoni. Mdogo wangu alikuwa anakaa chumbani mlango ukiwa umefungwa, na kazi yake ilikuwa kugonga ukuta kila akinisikia napita.

Kipimo cha mwisho kilikuwa sauti. Nilirekodi kwa simu noti moja ndefu nikiwa nimesimama, kisha noti hiyo hiyo nikiwa natembea. Ya kwanza ilinyooka. Ya pili ilikuwa na tetemeko dogo kwenye kila pigo. Kishindo cha kisigino kinapanda mfupani, kinapita kiunoni, kinafika kwenye taya, na kwa sisi tunaopuliza vyombo vya shaba, taya ikitikisika, kipulizio kinagonga mdomo na pumzi inakatika kidogo. Nilirekodi tena na tena hadi nikashindwa kutofautisha rekodi mbili hizo kwa kusikiliza tu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa thibitisho, kuliko sifa ya mtu yeyote.

Nilimpigia mjomba kwa video nikamwonyesha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu shusha simu niione miguu." Akatazama kimya. "Sasa hapo askari wa nyuma yako atafuata nini, kama hasikii mguu?"

Nikamweleza kwamba tunafuata mikono ya kiongozi aliye mbele na masikio yanafuata ngoma. Akaniambia nigeuke nirudi nyuma aone. Nikamwambia hiyo bado.

Kurudi nyuma ni elimu nyingine kabisa. Visigino havigusi chini hata kidogo. Unainuka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, uzito unabaki mbele kidogo, na mguu unanyooshwa nyuma kutoka kwenye nyonga hadi ncha ya kidole iguse kwenye pigo. Mwili unataka kukaa, kama kuna kiti nyuma, usiuruhusu. Goti likikunjika sana kichwa kinapanda na kushuka, na mtu aliye jukwaani anakiona. Wala hugeuki kuangalia unakokwenda. Unajipanga kwa kona ya jicho na kwa kuamini kwamba wa nyuma yako naye anapiga inchi 22 na nusu. Mashavu ya miguu yangu yalilalamika, na miundi pia, kwa ajili ya kule kuinua vidole. Zoezi lililoniimarisha ni kuegemea ukuta kwa mgongo, visigino mbele kidogo, na kuinua vidole vya miguu juu na chini polepole. Maumivu yakibaki sehemu moja ya mfupa hata ukipumzika, mwone daktari, usijikaze.

Kwenda kando nako kuna utaratibu wake: kiuno na miguu vinageukia unakokwenda, kifua na chombo vinabaki vikiwatazama watazamaji. Wenzetu wa ngoma hawawezi kujipinda hivyo kwa sababu ya vyuma vilivyoshika ngoma, kwa hiyo wao wanapishanisha miguu wakienda kikaakaa.

Kukaa Indianapolis kulinipa bahati moja. Fainali za Drum Corps International, chama cha vikosi vya ngoma na tarumbeta kilichoanzishwa mwaka 1971, zimekuwa zikifanyika katika uwanja wa Lucas Oil tangu 2009. Mwezi Agosti vijana hao wako mjini, na ukiwakuta nje wakipasha miili moto unawaona kwa karibu kuliko ukiwa ndani. Nilichuchumaa pembeni nikatazama vifundo tu. Safu nzima ya viatu inaonyesha nyayo zake kwa pembe moja, kisha inalala kwa pamoja.

Si kila bendi nzuri inatembea hivyo, na ningependa wanaoanza walijue hilo. Marching 100 ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, iliyoasisiwa na William P. Foster mwaka 1946, inajulikana kwa kunyanyua goti hadi paja lilale sambamba na ardhi. Huo si mwendo duni kuliko huu. Una nguvu zake na unahitaji mapafu ya simba. Muulize mwalimu wako bendi yenu inatembea vipi, ujifunze huo hadi mwisho.

Jambo la vitendo ambalo lingenipunguzia kazi: fanya mazoezi na viatu vyenye soli nyembamba. Raba nene za kukimbilia zinaficha kisigino kinavyotua, na unyayo hauwezi kulala hatua kwa hatua.

Mjomba aliona kurudi nyuma kwangu baadaye, akaomba vipimo kwa ajili ya vijana wa tarumbeta wa pale kanisani. Nilimtumia michoro na namba zote, na nikampa onyo: barabara ya mawe haitaki inchi 22 na nusu. Waanze na inchi 15, hatua 12 kwa yadi 5, kwenye mapigo 60, bila vyombo. Mimi kwa sasa niko kwenye hatua 16 kwa yadi 5, inchi 11 na robo, nikirudi nyuma kwa mshazari huku nikishika noti ndefu. Kwenda mbele imekubali. Kurudi nyuma, mguu wa kulia bado unawahi.