Shaba wangu amezeeka

Leo boda imeniacha mlangoni hapa Walukuba, Jinja, na Shaba hakutoka kunipokea.

Paka huyu nilimpata akiwa bado anaenea kiganjani, mwaka uleule mama alipofariki. Tangu hapo nikirudi kazini namkuta kizingitini.

Leo nimemkuta amelala kwenye kanga ya mama.
Nimemwita. Nimemwita tena.
Hata sikio halikutikisika.

Nikapiga sakafu kwa kiganja, taratibu. Hapo akainua kichwa, akanitazama, akaanza kunguruma kwa raha. Mtetemo umemfikia, sauti yangu haimfikii tena.

Nimekaa chini pale nikipiga sakafu tena na tena, ili tu nimwone akinigeukia. Jamani, nampenda paka huyu!

Daktari wa mifugo alishaniambia: paka akizeeka masikio hufifia na figo huchoka, ndiyo maana anakunywa maji kutwa. Meno nayo yamemwisha. Mukene, yaani dagaa, namsagia laini, nachanganya na maji ya uvuguvugu. Leo kamaliza wote.

Mliolea paka hadi uzeeni, mliwalisha nini? Na msimu huu wa mvua mnawalaza wapi? Niandikieni hapa, nasoma zote.