Kwetu Kamachumu, kwa njia ya ziwa

Faili langu la ustawi wa jamii lina karatasi mbili. Moja ni barua ya mwaka 1992 ya kumkabidhi Mama mtoto wa kike wa miaka mitatu, amlee. Nyingine ina jina la baba yangu mzazi, neno "marehemu", nafasi ya jina la mama iliyoachwa wazi, na mahali: Kamachumu, Muleba. Hayo tu. Mama alikuwa akifundisha Bukoba wakati ule, na alipohamishiwa Morogoro, alikozaliwa, tukahama wote. Hakuwahi kunificha kwamba hakunizaa. Nilikua nikiitwa binti wa mwalimu, nikigombezwa na kubembelezwa kama watoto wengine wa mtaani, na siku nilipomwambia nataka kwenda kuwatafuta watu wangu, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua sanduku na kutoa doti mbili za khanga. "Hufiki kwa wakubwa mikono mitupu," alisema.

Nilipanda treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi la Mwanza kupitia Singida na Shinyanga. Kipande hicho sina mengi ya kusimulia. Safari yangu hasa ilianzia bandari ya Mwanza. Siku hizi aendaye Bukoba anaweza kupita na basi juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kungoja kivuko. Lakini Mama alinivusha ziwa nikiwa mgongoni kwake ndani ya MV Victoria, na meli hiyo, baada ya kukaa miaka mingi imesimama, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020. Nilitaka kurudi kwa njia niliyotokea.

Tuliondoka usiku. Benchi nililokaa nilishirikiana na bibi mmoja wa Muleba aliyekuwa akitoka msibani. Aliposikia naelekea Kamachumu akaniuliza, "Wa nani?" Nikataja jina la baba. "Ukoo gani? Muziro wenu nini?" Kwa Wahaya kila ukoo una muziro wake, mnyama au kitu ambacho wanaukoo hawakili wala hawakidhuru, na ukiutaja tu mtu anajua wewe ni nduguye au la. Sikuwa na jibu. Ikabidi nimweleze habari yote, tangu faili mpaka khanga.

Hakunipa pole. Alitaka kujua kama nilibatizwa. Nilipomwambia kwamba waliomkabidhi Mama walisema natoka nyumba ya Wakatoliki, akajipiga pajani. "Basi umeandikwa! Kama ofisi haikuandika, padre aliandika. Anzia parokiani." Kisha tukazungumza habari za MV Bukoba, maana hakuna mtu wa Kagera anayevuka ziwa hili usiku asiikumbuke. Ilizama Mei 21, 1996, ikitokea Bukoba, karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wamezikwa Igoma. Baada ya siku hiyo Mama hakutaka tena kusikia neno meli, na ndiyo sababu hatukuwahi kurudi hata kutembea.

Asubuhi kisiwa cha Musira kilikuwa mbele yetu na mji wa Bukoba nyuma yake. Nikapanda Hiace iliyojaa kupita kiasi, tukapita Kemondo, tukafika Muhutwe, tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Huko juu hewa ni ya baridi, na kila upande ni migomba, chini yake kahawa, chini ya kahawa maharage, na katikati nyumba moja moja. Nilikuwa natazama kila uso barabarani. Kila mama wa makamo nilimlinganisha na mimi.

Parokiani alinipokea katekista mzee. Alisikiliza, akaenda chumba cha ndani, akarudi na daftari la ubatizo la mwaka 1989, jalada gumu jeusi, pembe zimeliwa na mende. Ndani kurasa zimepigwa mistari: namba, jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, baba, mama, kijiji, msimamizi, kipaimara, ndoa. Alishusha kidole taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, akinong'ona majina. Kidole kikasimama. Mwandiko ulikuwa wa wino wa bluu, umelala kidogo kulia, na katika safu ya tano lilikuwepo jina la mama yangu. Nilikuwa na miaka 36 na ndiyo kwanza nalisoma. Nilimwomba katekista alisome kwa sauti, akalisoma, nikamwomba tena.

Safu za kipaimara na ndoa zilikuwa tupu. "Ulipata kipaimara?" akauliza. Nilipata, Morogoro. "Walitakiwa watuletee taarifa," akasema kwa masikitiko ya kweli, akaandika kwenye kikaratasi tarehe na parokia, akakibana ndani ya ukurasa wangu ili paroko aje ajaze. Kisha akagonga kidole kwenye safu ya msimamizi. "Huyu mama yuko hai. Hapo ng'ambo ya bonde." Akaita bodaboda.

Mama wa ubatizo alinishika mkono asiniachie. Alinipitisha njia za ndani, majani makavu ya migomba yakilia chini ya miguu, mpaka kwenye kibanja ambako mwanamume mmoja alikuwa akipunguza migomba kwa panga. Akamwambia kitu kwa Kihaya. Yule mwanamume akaliweka panga chini. Alikuwa na kipaji cha uso kama changu, kikubwa hivihivi.

Ni kaka yangu. Sikujua kama nina kaka.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huku watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Baba alikufa 1990, mama mwaka uliofuata. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, wao hawakuzisubiri. Kaka alikuwa na miaka 11. Mtoto wa kiume ndiye mrithi wa kibanja, kwa hiyo alibaki na Bibi. Mimi niliumwa sana, jirani akanipeleka Bukoba nitibiwe. "Hukurudi," Kaka alisema. "Tukadhani umekufa."

Bibi hakudhani hivyo. Alikwenda Bukoba kuniulizia, akaambiwa mtoto huyo hajulikani. Akafa mwaka 2009 akiniuliza bado. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ndugu wa ukoo. Nimeisoma sheria hiyo mara nyingi, na bado inaniuma kwamba mstari mmoja tu zaidi kwenye faili, jina la kijiji au la bibi, ungetosha. Kila anayemkabidhi mtoto kwa mlezi leo auandike mstari huo. Walezi wazuri hawataupinga. Mama yangu angeubandika ukutani.

Makaburi yao yako nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Kaka huyafagia. Nyumba ya zamani ilipasuka kuta kwenye tetemeko la Septemba 2016, akajenga nyingine pembeni.

Jioni akaja baba mdogo. Kabla hata sijamaliza shikamoo akauliza, "Umekuja kwa ajili ya kibanja?" Niliumia. Lakini nilipotazama mashamba yalivyobanana huko, baba mmoja na wana wanne wakigawana migomba ileile, nilimwelewa. Kaka ndiye aliyejibu: "Hata angekuja kwa kibanja, si ni cha baba yake?" Nikasema nilichokijia ni wao. Baba mdogo akanyamaza, akachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akanipa kwa mkono wake. Nilizitafuna, chungu na tamu kwa mbali. Ndipo akaniambia: muziro wetu ni pongo, na nisije nikamla kokote niendako.

Usiku nilimpigia Mama. Nilitaka kumsimulia, lakini Kaka alinyoosha mkono akaomba simu. "Shikamoo, Mama," akasema. Nikasikia sauti ya Morogoro ikimwita mwanangu, ikimuuliza ameoa, ana watoto wangapi, na kama amekula. Walizungumza mpaka salio likaisha. Mama wa ubatizo alikuwa amejifunga khanga moja tayari, anataka kujua huyo mwalimu ni wa umri gani ili ajue namna ya kumwamkia.

Mama amekubali kuja Krismasi, wakati Wahaya wa kila mahali wanaporudi nyumbani. Meli amekataa katakata, kwa hiyo tutapita darajani na basi. Kaka anauliza kama anakula senene, maana Desemba ndiyo msimu wake, na anataka kuanza kumwekea.