Kima na kipande cha mkaa

Juzi mwanangu kaniuliza kama kweli yuko mnyama anayekula mkaa. Mwalimu kawaambia darasani, naye hakuamini. Nikamjibu nimemwona kwa macho yangu, nikiwa na babu yake.

Ilikuwa msitu wa Jozani, Unguja, uliokwisha kuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Baba si mtu wa kulipa kiingilio akatazame miti, lakini siku ile alikubali. Msituni tulipita mbiombio, na kwenye daraja la mbao la mikokoni vilevile, maana mvua ilikwisha tanda. Kima punju, ndio hao wala mkaa, tuliwakuta ng'ambo ya barabara, mashambani.

Jike mmoja, mtoto kamng'ang'ania tumboni, alishuka kwenye mti wa mkungu akaenda moja kwa moja kwenye kisiki kilichoungua. Akachokonoa. Kima hawa hawana kidole gumba cha kushikia, kwa hiyo alikikunjia kile kipande cha mkaa vidole vinne, kama kulabu. Akatafuna taratibu, mkwaruzo wa meno tukausikia. Midomo yake ya waridi ikageuka nyeusi. Mtoto akaokota chembe iliyomdondokea mama kifuani, akaitia kinywani. Uso akaukunja. Hakuitema.

Mtembezaji wetu akatueleza kwa sauti ya chini: majani ya mikungu na miembe yana lishe, ila yana kemikali zinazovuruga tumbo, na mkaa ndio huzinasa. Wadogo hujifunza kwa mama zao. Na ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, kima hawa wapo Unguja tu, duniani kote.

Baba kimya. Utotoni aliwafukuza kwa mawe, wakila nazi changa za baba yake.

"Na mwenye shamba analipwa na nani?" akauliza mwishowe.

"Sehemu ya viingilio inarudi vijijini, mzee wangu."

"Inatosha?"

"Hapo uwaulize wenyewe."

Mimi nilikwenda pale nikiwa upande wa kima, bila wasiwasi wowote. Lakini nazi zile ndizo zilizomsomesha baba, na yule mtoto wa kima hana Unguja nyingine. Nani ampishe mwenziwe? Mpaka leo sijapata jibu la kuniridhisha.

Kwenye barabara ile kuna matuta, yamewekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari. Tulipoyafikia, baba akamwambia dereva apunguze mwendo zaidi, kisha akaendelea kuhesabu hasara ya nazi.